Mihogo Yangu Imo Majini

Ndugu zangu, nawasalimu, ninyi wa ziwani mlionipokea, na ninyi mlioteremka kutoka milimani kwa ajili ya ibada hii. Mzee wa kanisa ameniomba mara nyingi nisimame mbele yenu. Mara ya kwanza nilimwambia nina kikohozi. Mara nyingine nilikaa nyuma ya nguzo asinione. Leo nimechelewa, nimekuta nguzo zote zina watu.

Mimi si msemaji. Shule yangu ni ile ya jioni, hapa hapa kanisani, nayo niliianza nikiwa na mvi. Kwa hiyo nitasimulia mambo kama yalivyofuatana, na majina ya watu nitayaacha. Wengine wamelala udongoni, wengine wameketi humu ndani, na mmoja ananitazama sasa hivi aone kama nitasema uongo.

Nilizaliwa juu, upande wa Fizi, nikaolewa mlima wa pili kutoka kwetu. Mume wangu alikuwa fundi wa mbao. Tulizaa watoto wawili, wote wakatutoka wakiwa wachanga, tukawazika nyuma ya nyumba karibu na migomba. Baada ya kumzika wa pili, mume wangu hakuweza tena kukaa pale. Randa ilimtoka mkononi. Akateremka Baraka, mji wa ziwani, akapata kazi ya kutengeneza mitumbwi ya wavuvi iliyopasuka. Mimi nilibaki mlimani na mama yake, nyumba moja, jiko moja.

Kila alipopata nafasi alipanda kutuona, kifurushi cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani, nguo zikinuka ziwa. Na kila alipopanda aliniambia neno lilelile.

"Tushuke, mama. Nimejenga nyumba. Iko na dirisha."

"Dirisha ya nini?"

"Ya kuangalia ziwa."

"Na ziwa ikikuangalia wewe?"

Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka upesi. "Kuya hata siku kidogo tu. Ukichoka, utapanda."

"Sasa hapana. Mihogo yangu iko mu mayi."

Mama zangu, ninyi mnajua. Muhogo mchungu unaumenya, unauloweka kijitoni mpaka ulainike, ndipo unautoa, unauanika, unautwanga. Na kabla huo haujatoka, mwingine umekwisha kuchimbwa. Mwanamke wa mlimani hakosi mihogo majini, mwaka mzima. Basi likawa ndilo jibu langu. Halikuwa uongo hata siku moja, ndiyo maana lilinifaa sana. Nilimkatalia mume wangu miaka na miaka bila kutamka neno "sitaki".

Majirani walisema, "Mwacheni, hawezi kuyaacha makaburi ya watoto wake." Nami niliwaacha waseme. Nawaambia leo, na watoto wangu wanisamehe: nilijifunika makaburi yao kama mtu anavyojifunika jani la mgomba mvua ikinyesha. Hayakuwa sababu. Sababu ilikuwa woga. Niliogopa joto, niliogopa mbu, niliogopa maji mengi yasiyo na njia juu yake. Niliwaogopa wanawake wa ziwani, wanaozungumza kwa sauti kubwa na kucheka midomo wazi. Zaidi ya yote niliogopa kuwa mjinga. Kule juu nilikuwa mtu. Nilijua kila jiwe la njia, nilijua bugali wa nani ni laini na wa nani una madonge. Nikishuka, nitakuwa mwanamke mzima asiyejua kazi ya mtoto.

Sikuwa na furaha kule juu, msidhani. Nilikuwa nimezoea tu. Mtu anaweza kuzoea hata jiwe ndani ya kiatu.

Halafu ikaja siku ya lori la pamba. Lilikuwa likipita kwetu kushusha pamba ya mavuno, na dereva alijuana na mume wangu. Alisimama njiani, akaja kijitoni mwenyewe kwa miguu. Mikono yangu ilikuwa majini.

"Mama, bwana yako iko mugonjwa. Homa, nguvu sana. Amesema ukuye."

Nikasimama.

"Gari inashuka sasa hivi," akasema. "Panda mbele, karibu na mimi."

Nililitazama lori. Sikuwahi kupanda chombo cha moto. Nilitazama mikono yangu. Na mdomo wangu, ndugu zangu, ukasema wenyewe, kama mlango uliozoea kujifunga: "Mwambie ninakuya. Mihogo yangu iko mu mayi. Nikitoa tu, nashuka."

Yule dereva aliitazama mihogo. "Mama," akasema, "muhogo haina homa."

Akaondoka. Nikasikia lori likiteremka, likipiga honi kwenye kona moja, kisha nyingine, mpaka likanyamaza.

Nilingoja mihogo ilainike, nikaitoa, nikaianika. Hata nilichagua ile iliyokuwa laini zaidi nikaiweka kando, kumpelekea. Ndipo tukashika njia kwa miguu, mimi na mkwe wangu, mama yake. Tulipofika pale ambapo ziwa linaonekana, tukakutana na watu waliokuwa wakipanda. Walipotutambua, walitua mizigo yao wakasimama kando ya njia bila kutusalimu. Mkwe wangu akakaa chini palepale. Mimi nilibaki nimesimama, na mzigo wa mihogo kichwani.

Tulikuta udongo wa kaburi lake bado una unyevu. Joto la huku halingoji wasafiri, mnalijua.

Tulifanya matanga katika ile nyumba yake. Nilikaa sakafuni chini ya dirisha, na sikuinua uso kutazama nje. Mkwe wangu alinifunga shingoni kamba ya mgomba, kama desturi yetu. Vijana wa siku hizi labda hawaijui, kwa hiyo nieleze. Mjane aliyevaa kamba hauzi kitu, hagusi chakula cha kuuzwa, wala mvuvi hamruhusu kusogelea samaki wake. Na kamba ile haifunguliwi na mtu mwingine ila mama wa marehemu, kwa mkono wake.

Matanga yalipokwisha, tukafunga mizigo turudi mlimani. Nilikuwa nimekubali. Moyo wangu ulikuwa umeshafika kule, kwenye kijito changu. Jirani wa mume wangu, mwanamke mwanika ndagala, ndiye aliyemwuguza na kumpa maji. Asubuhi ile akaja mlangoni.

"Mbele ya kupanda," akasema, "kuya uone mahali pako."

"Mahali pangu wapi?"

"Kuya tu."

Akanipeleka ufukoni. Kulikuwa na wanawake wengi, kila mmoja na eneo lake la changarawe, ndagala wameanikwa wanang'aa. Katikati yao palikuwa na eneo moja tupu. Limezungushiwa mawe, changarawe zimechaguliwa zote za ukubwa mmoja, safi, hata jani halikuwepo.

Mwanamke mmoja akaniona, akapiga makofi. "Eeh! Kumbe iko muntu wa kweli!"

"Nani?" akauliza mwingine.

"Muke wa fundi! Yule muke wa maneno!"

Wakacheka wote. "Mama, usikasirike," mmoja akaniambia. "Kila siku ni 'anakuya, anakuya.' Tukamwuliza, fundi, ulichonga muke wa mbao? Ukimaliza kumupiga randa, utatuonyesha?" Kisha akaiona kamba shingoni mwangu, akajifunika mdomo kwa mkono.

Yule jirani akanieleza polepole. Mume wangu alikuwa akija kila Jumapili baada ya ibada kung'oa majani katika changarawe zile. Ndagala walipokuwa wengi, na watu wakitafuta mahali pa kuanika, aliwafukuza. "Hapa ni pa muke wangu."

Nikamwuliza jambo ambalo ningeweza kuacha kuuliza. Nilimwuliza siku ile lori liliporudi ilikuwaje.

Hakutaka kusema. Nikamshika mkono.

"Alisikia gari," akasema. "Akaniambia nimuinue, akae, usimukute amelala. Nikamuinua. Nikamupangusa uso. Dereva akaingia peke yake. Akamwuliza, 'Amesema nini?' Dereva akamwambia."

"Naye akasema nini?"

"Akacheka kidogo. Akasema, 'Mihogo. Ndiyo.' Akalala tena."

Ndugu zangu, cheko lile sikulisikia kwa masikio haya. Lakini nikiwa peke yangu ndilo ninalolisikia. Angelinilaani, ningelikuwa na kitu cha kubishana nacho.

Nilikaa chini, juu ya zile changarawe. Sikuanguka, wala sikupata maono. Nilikaa tu, mahali nilipotakiwa kukaa miaka ile yote, na mawe yalikuwa ya moto. Mkwe wangu alipokuja na mizigo kunitafuta, nikamwambia, "Mama, sitapanda."

Alitua mizigo chini. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Mwana wangu alikuita akiwa muzima, ukakatala. Leo amekufa. Nani sasa anakuita?"

Nikapiga magoti mbele yake.

"Utanifungua hii kamba, mama?"

"Kaa nayo," akasema. "Tuone kama ziwa itaikata."

Akapanda mlima peke yake, mzee yule, na mzigo wake. Nilimwacha aende. Hilo nalo liko juu yangu.

Basi nikabaki, mwanamke mwenye kamba, katikati ya kazi nisiyoruhusiwa kuigusa. Yule jirani alinipa ya kufanya: kuteka maji, kufukuza kunguru, kutengeneza changarawe. Wavuvi wakitua asubuhi nilikaa mbali, nisiwatie mkosi. Usiku sikulala kwa mbu. Na nilikuwa mjinga kama nilivyoogopa, wala si kidogo.

Siku moja yule jirani aliitwa haraka kwa binti yake aliyekuwa anajifungua. Akaniacha nilinde ndagala wake dhidi ya ndege tu. Wingu likaja kutoka mgongo wa rasi ya Ubwari, jeusi. Kila mwanamke akaanza kukusanya wake. Na wa jirani yangu? Nikasema, kamba au si kamba, sitaacha mali ya aliyemwuguza mume wangu iharibike. Nikawakusanya. Lakini sasa niwaweke vipi? Nikafanya nilichokijua tangu utoto. Nikawarundika pamoja, nikawafunika majani ya mgomba vizuri, nikayakandamiza kwa mawe hewa isiingie. Ndivyo tunavyovundika muhogo ukitoka majini, kabla ya kuuanika. Nikajisifu hata moyoni.

Kesho yake jirani akarudi na habari njema za mjukuu. Akafunua majani. Harufu ile ilitoka kama mtu. Watu walisogea wakishika pua.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, mama."

Alinitazama, akatazama lile rundo, akanitazama tena. "Mama, ndagala haiko muhogo!"

Ufuko mzima ukaangua kicheko, na tangu siku ile naitwa Mama Muhogo. Mnacheka ninyi, lakini mimi siku ile niliingia ndani nikafunga nguo zangu. Nilisema, basi, kila mtu na kwake. Nikashika kifurushi mkononi. Ndipo nikaona ni mkono uleule, na ni mwendo uleule. Nilikuwa natafuta tena kijito. Na mara hii mihogo haikuwepo hata ya kusingizia.

Nje nikasikia sauti ya jirani. "Mama Muhogo! Toka! Kuya nikufundishe, mi bado naishi!"

Nikatoka. Nikamwambia nitajifunza, lakini kwanza nitapanda mlima. Akadhani natoroka. Nikaacha nguo zangu kwake, aone kwamba nitarudi.

Nilimkuta mkwe wangu kijitoni, mahali pangu penyewe. Maji yalimfika magotini, mgongo umepinda, anatoa mihogo mmoja mmoja. Nikaingia majini kumsaidia. Hakunifukuza, wala hakunisalimu. Tulifanya kazi mpaka kikapu kikajaa.

Nikasema, "Mama, nimekuja kusema ukweli. Sikukataa kwa sababu ya makaburi, wala mihogo. Niliogopa tu. Mwana wako amekufa akiningoja, kwa sababu ya woga. Kama hutakata hii kamba, usiikate. Lakini usiseme hukujua."

Alikaa juu ya jiwe. Akaanza kukamua maji ya nguo yake, akakamua na kukamua, hata maji yakaisha.

"Unafikiri ni wewe tu?" akasema. "Kila alipokuwa anashuka, nilimusindikiza mpaka ku kivuko. Na kila mara nilimwambia: ukichukua huyu muke, nani atanitolea mihogo mu mayi? Alikuwa mutoto musikivu. Kama angekukamata kwa mukono, ungeenda. Mi ndiye nilimukataza kukukamata."

Nilimtazama. Yeye hakuniangalia.

"Wewe ulikuwa na woga," akasema. "Mimi nilipenda kutumikiwa. Ile siku ku ziwa nilikufokea wewe, lakini maneno yalikuwa yanaingia mu masikio yangu mwenyewe."

Tulilia pale, wazee wawili, maana siku ile mimi nami nilikuwa mzee. Nikainamisha shingo ili anifungue. Akanisukuma.

"Si hapa. Nitakata pale alikungojea."

Mama huyu hakuwahi kupanda lori wala kulala ziwani zaidi ya siku za matanga. Tulishuka na lori la pamba, dereva ni yuleyule. Mkwe wangu alishika mlango kwa mikono miwili akaomba Mungu kwa sauti toka kona ya kwanza mpaka ya mwisho. Dereva akasema amebeba pamba, amebeba mbuzi, lakini hajapata kubeba kanisa zima. Aliponishusha akaniambia taratibu, "Leo umepanda, mama."

Mkwe wangu alinikalisha juu ya changarawe, mbele ya wale wanawake. Akaazima kisu cha samaki, akakata kamba. Akaninawisha mikono kwa maji ya ziwa. Kisha akachukua beseni la ndagala wabichi kutoka kwa jirani, akaniwekea mapajani. "Anika," akasema. "Na usirundike."

Ndugu zangu, ningependa kuishia hapo, pazuri. Lakini niliahidi ukweli.

Ukweli ni kwamba nimeishi zaidi tangu wakati ule kuliko nilivyoishi zamani. Nimejifunza kuanika, kuvuta kamba za wavu, kupatana bei kwa sauti kubwa, na kucheka mdomo wazi. Nimejua kusoma, na mara ya kwanza niliposoma mstari mzima wa Zaburi bila mwalimu, nilitoka nje nikaukariri kwa mbuzi. Nimepata marafiki wanaonitukana kwa upendo. Naamka asubuhi nikiwa na hamu ya kuona mitumbwi ikitua, mimi niliyekuwa naamka kwa sababu jua limetoka.

Na kila kimoja cha hivyo nilipewa na mtu ambaye hakukionja pamoja nami. Mara ya kwanza nilipopanda mtumbwi kwenda Mboko kuuza, upepo ulitupiga maji usoni nikacheka kama msichana. Nikashika ubavu wa mtumbwi, na chini ya kidole changu nikahisi kiraka cha mbao, kimelainishwa vizuri, kingo zake hazikwaruzi. Randa ile naijua. Nilicheka na kulia safari nzima, na mwenye mtumbwi akadhani mawimbi yamenilevya.

Nilimwuliza mchungaji kama ni dhambi kufurahi hivi. Akaniambia Mungu amesamehe. Naamini. Lakini kusamehewa hakumrudishi mtu juu ya mkeka wake, ameinuliwa, amepanguswa uso, anasikiliza gari. Furaha yangu nitaibeba pamoja na hilo, kama mzega wa mlimani, mzigo mbele na mzigo nyuma, na mti begani. Nimeacha kutafuta njia ya kutua mmoja.

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani yangu, aliyempa mume wangu maji na kunipa mimi kazi, akapoteza beseni zima la ndagala asinifukuze. Namshukuru dereva, aliyesema neno la kweli ingawa sikulisikia kwa wakati. Na namshukuru mkwe wangu, yule pale, anayetikisa kichwa kuwaambia kwamba sikudanganya. Siku hizi tunaishi naye katika ile nyumba. Dirisha amelichukua yeye. Mchana kutwa anatangaza ziwani kuna nini, hata usipomwuliza.

Somo langu ni dogo, kwa wale wenye mtu anayewaita: mume, mtoto, Mungu, au hata moyo wako mwenyewe unaokwambia toka hapo ulipokaa. Sababu ya kubaki itakuwepo daima, na itakuwa ya kweli. Usingoje iishe. Muhogo ukioza, utapandwa mwingine.

Bado naloweka, msidhani nimeacha, bugali tunakula. Kwa hiyo mkipita kijitoni mkakuta mihogo ya mtu imelala mno majini, imeanza kunuka, msihangaike kuuliza ni ya nani. Ni yangu. Mjue kuna mtu ameniita, nami nimekwenda.